Mama Alipoacha Kuwasha Televisheni

Ilinichukua karibu mwezi mzima kutambua kwamba Mama haangalii tena televisheni. Nilikuwa nikipita kwake jioni namkuta kwenye kiti chake kilekile, kaielekea skrini ileile, ila skrini nyeusi na redio ndogo inaongea pembeni. Nikimuuliza ananijibu, "Nimeichoka tu, mwanangu, macho yananiuma." Nikamwamini. Nikaanza hata kupanga siku ya kumpeleka kwa daktari wa macho.

Jioni moja nikaiwasha mwenyewe. Likatokea giza lenye maneno mawili katikati: hakuna mawimbi. Nikachukua rimoti, nikabonyeza kitufe kimoja mara mbili, picha ikarudi. Nilipogeuka nikamkuta Mama amesimama nyuma yangu, mkono mdomoni.

"Kumbe sikuiharibu?" akauliza.

Alikuwa amebeba mzigo huo peke yake wiki zote hizo. Siku ya kwanza alitaka kupunguza sauti, kidole kikaangukia kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha, televisheni ikahamia kwenye tundu la HDMI, la kupokea picha kwa waya, lisilochomekwa kitu. Tangu hapo hakuna alichobonyeza kikamrudisha. Akaizima, akaiwasha, hali ileile. Akaona ameua kitu cha gharama, akaona haya kuniambia.

Ni lazima nimweleze mama huyu kidogo kabla sijaendelea. Ameshona nguo maisha yake yote kwa cherehani ya miguu. Uzi ukikatika ovyo, anajua kama sindano imepinda au uzi umekazwa mno. Mkanda ukilegea, anaukata na kuuunga upya. Cherehani ikiwa nzito, anailaza, anatia tone la mafuta kila tundu, anazungusha gurudumu kwa mkono huku anasikiliza, mpaka aridhike. Haogopi mashine. Kilichomshinda kwenye televisheni ni kwamba haikumwonyesha ilipokwama. Ugonjwa wa cherehani unauona kwa macho na kuushika kwa vidole. Televisheni ilimpa maneno mawili tu, na katika maneno hayo hamna hata dalili ya nini afanye.

Tulikaa tukazipanga rimoti mezani. Zilikuwa tatu: ya televisheni, ya kisimbuzi na ya spika. Tukahesabu vitufe pamoja, tukafika 112. Kulikuwa na vile vinne vya rangi, chekundu, kijani, njano na buluu, ambavyo hata mimi sijawahi kuvihitaji. Kulikuwa na vitufe vya kuwashia vinavyofanana kabisa, kimoja cha televisheni na kingine cha kisimbuzi, ukikosea mpangilio huyu anawaka huku mwenzake anazimika. Na kile cha sauti na kile cha chanzo cha picha vilikuwa na umbo moja na ukubwa mmoja, vimekaa bega kwa bega, maandishi ya kijivu juu ya plastiki nyeusi. Kwa macho ya mtu mzima, usiku, sebule ikiwa na taa moja, hivyo ni kitufe kimoja.

Baadaye nilisoma rimoti zilianzia wapi, na habari ile ikanigusa. Mwaka 1955 Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, Marekani, alitengeneza rimoti ya televisheni isiyo na waya. Ilitumia mwanga kama tochi, na jua la dirishani liliweza kubadilisha idhaa lenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake, Robert Adler, akatoa nyingine yenye vitufe vinne: kuwasha na kuzima, idhaa mbele, idhaa nyuma, na kunyamazisha sauti. Haikuhitaji hata betri. Ukibonyeza, kinyundo kidogo ndani kiligonga kijiti cha alumini, kijiti kikatoa mlio ambao sikio la mwanadamu halisikii lakini televisheni inausikia. Vitufe vinne. Nikamuuliza Mama anatumia vingapi kwa siku. Akavigusa kimoja kimoja: kuwasha, sauti juu, sauti chini, idhaa mbele, idhaa nyuma. Vitano. Vingine vyote viko pale kwa sababu kuongeza kitufe kiwandani ni kazi nyepesi, na uzito wake hauonekani mpaka rimoti ifike sebuleni kwa mtu.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni lile swali lake, "Kumbe sikuiharibu?" Donald Norman, Mmarekani aliyesomea uhandisi na saikolojia, amekuwa akieleza tangu 1988 kwamba mtu akishindwa kutumia kifaa hujilaumu mwenyewe, wakati mara nyingi kosa limo katika namna kifaa kilivyobuniwa. Nililijua hilo kichwani. Sikujua kwamba nami nilikuwa ninamsaidia Mama kujilaumu. Miaka yote nilipokuwa nikiitwa kurekebisha kitu, nilifika, nikachukua rimoti mkononi mwake, vidole vikaruka, nikairudisha: "Tayari, Mama." Sikumwonyesha nilichofanya. Wepesi wangu ulimwambia kwamba jambo ni dogo na kwamba yeye ndiye asiyeliweza. Mtu akishaambiwa hivyo mara kumi, mara ya kumi na moja haiti mtu. Anawasha redio.

Nami nisingekuwa na haki ya kumwonyesha wepesi huo, kwa sababu nyumbani kwangu mambo yalikuwa yaleyale.

Kuna siku umeme ulikatika kwa muda mrefu. Uliporudi, televisheni yangu ikasema hakuna intaneti. Simu yangu, kwenye waifai ileile, ilikuwa inafungua kila kitu. Nikazima ruta, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha. Hakuna intaneti. Nikafuta mtandao kwenye televisheni na kuuingiza upya, neno la siri lenye herufi kubwa, ndogo na tarakimu, herufi moja moja kwa mishale ya rimoti, kulia, kulia, chini, sawa. Nikakosea herufi ya mwisho, nikaanza upya. Ikaunganika, ikaweka alama ya tiki ya kijani, kisha ikasema tena hakuna intaneti. Mwishowe nikafanya lile linaloshauriwa kila mahali, nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Akaunti zote zikafutika, idhaa zote nilizozipanga zikapotea. Bado hakuna intaneti. Saa tatu zilikuwa zimepita na watoto walishalala.

Nikiwa napitia mipangilio kwa mara ya mwisho, nikaona pembeni tarehe: 1 Januari 1970.

Kumbe hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Vifaa vingi vya kompyuta huhesabu muda kuanzia tarehe hiyo, kwa hiyo kifaa kikipoteza saa yake hurudi huko. Na kila televisheni inapotaka kuzungumza na seva, yaani kompyuta ya mbali inayotoa huduma, seva hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe kweli. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Televisheni iliyoamini kwamba iko mwaka 1970 ilivitazama vyeti vyote ikaona havijaanza kutumika, ikavikataa kimoja baada ya kingine, kama mlinzi mwaminifu aliyepewa kalenda mbovu. Nikaweka tarehe sahihi kwa mkono. Sekunde kumi, kila kitu kikafunguka.

Sikufurahi. Nilikasirika, na hasira ile bado ninayo. Televisheni ilijua kwa nini imekataa. Kulikuwa na sababu iliyonyooka, ya tarehe, ambayo mtu yeyote anayejua kusoma kalenda angeielewa: saa ya televisheni yako imepotea, irekebishe hapa. Ila aliyeandika ujumbe ule alichagua kuniambia hakuna intaneti, jambo ambalo halikuwa kweli, akanituma kupigana na ruta isiyo na kosa usiku kucha. Huwa wanasema ujumbe unafupishwa ili usiwatishe watu wa kawaida. Mimi ni mtu wa kawaida, na kilichonitisha ni kutojua.

Tangu siku hiyo nikaanza kuangalia vifaa vya nyumbani kwa jicho la Mama na cherehani yake: kikikwama, kitanionyesha kilipokwama?

Dada yangu aliniletea soketi janja mbili, zile unazochomeka ukutani halafu unawasha taa kwa simu. Zawadi nzuri, na alinipa kwa moyo. Kuwasha taa, kazi ambayo swichi imeifanya tangu zamani kwa kubofya mara moja, kulinitaka nipakue programu, nifungue akaunti, nithibitishe barua pepe, niruhusu programu ijue nilipo, niwashe blututhi, kisha nishike kitufe cha soketi mpaka taa yake imemeteke haraka. Duara la asilimia likapanda hadi 90, likakaa hapo, likasema imeshindikana, jaribu tena. Mara nane.

Sababu niliipata kesho yake. Waifai ya nyumbani mara nyingi hurushwa kwa masafa mawili: gigahezi 2.4, inayokwenda mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, na gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini inayochoka mapema. Soketi nyingi za aina hii zinashika ile ya 2.4 tu. Ruta yangu iliyatangaza yote mawili kwa jina moja, na simu yangu, ikiwa karibu na ruta, ilichagua 5. Simu na soketi zikawa zinatafutana bila kuonana. Dawa ilikuwa kutoka nje ya nyumba. Nilibeba simu na waya wa umeme wenye soketi hadi mwisho wa ua, mahali ambapo ile ya 5 haifiki vizuri, simu ikahamia 2.4, zikaonana. Nilisimama pale gizani na taa ya mezani mkononi inayowaka na kuzima, nikajiuliza ni nani mwingine angejua kufanya hivi. Kwenye karatasi iliyokuja na soketi, jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko maelezo ya udhamini.

Miezi kadhaa baadaye nilizichomoa, nikamweleza dada yangu ukweli naye akanielewa. Usumbufu ule wa siku ya kwanza nilikuwa nimeshausahau. Nilizichomoa baada ya kujua kwamba amri ya kuwasha taa iliyo hatua tatu kutoka nilipokaa ilikuwa inasafiri hadi seva ya kampuni na kurudi. Seva ikizimwa, umebaki na plastiki. Hili limeshatokea mchana kweupe. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima huduma ya Revolv, kifaa kilichokuwa kikiongoza taa na mitambo mingine majumbani mwa watu, na kufikia katikati ya Mei vifaa ambavyo havikuwa na kasoro yoyote vikawa havifanyi kitu. Cherehani ya Mama haisubiri ruhusa ya mtu aliyeiunda.

Kuhusu nyaya sitaandika mengi, kila mwenye droo anajua. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zitumie tundu la USB-C kuanzia mwisho wa 2024, na nimelifurahia kwa dhati, maana droo yangu ilikuwa kaburi la chaja. Ila tundu kuwa moja hakujafanya waya kuwa mmoja. Nina nyaya tatu zenye vichwa vinavyofanana kama mapacha: mmoja unachaji simu tu, mwingine unapitisha picha hadi kwenye skrini, wa tatu unachaji kompyuta. Hakuna ulioandikwa lolote. Nimezifunga nyuzi za rangi, na nyuzi nilimwomba Mama.

Shangazi ana jiko la umeme lenye kioo cha kugusa badala ya vishikio vya kuzungusha. Linapendeza mno likiwa safi na jikoni hamna anayepika. Kioo cha namna hiyo kina umeme mdogo unaobadilika kidole kinapokigusa, na maji yanakivuruga. Sasa mpishi ni mtu wa mikono mikavu lini? Sufuria ilifurika mbele yangu, maji yakatapakaa kwenye vitufe, jiko likaanza kulia bipu mfululizo, shangazi anafuta, anagusa, halimsikii, anafuta tena, mvuke usoni. Nilichomoa umeme ukutani. Akaketi akaniambia, "Labda mimi ndiye sijalizoea." Neno lilelile la Mama katika vazi jingine. Nikamweleza habari ya meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iliyogongana na meli ya mafuta karibu na Singapore tarehe 21 Agosti 2017, mabaharia 10 wakafa. Wachunguzi walitaja mkanganyiko kwenye vioo vya kugusa vya kuongozea meli kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia, na mwaka 2019 jeshi hilo la majini likatangaza kwamba litarudisha vishikio vya mkono vya kurekebishia kasi. Wale walikuwa mabaharia wa kazi. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na mimi nataka vishikio vyangu." Jiko lililofuata lina vishikio.

Sichukii teknolojia. Mama amewaona wajukuu wake walio mbali wakijifunza kutembea, kwa simu, na siku ya kwanza alilia. Kama simu ile ingekuwa ngumu kupita kiasi, angekosa hilo, na asingejua amekosa nini. Ndiyo maana jambo hili naliona zito. Watu hawaachi kifaa tu, wanaacha na kilichokuwa ndani yake.

Ilikaribia kutokea. Akaunti yenye picha zote za wajukuu ilimtaka abadilishe neno la siri, akabadilisha, akasahau, ikataka namba ya uthibitisho, namba ikatumwa kwenye laini aliyoacha kuitumia zamani. Tulihangaika siku nne kuirudisha. Nilipokuwa natafuta namna ya kuzuia isijirudie nikakuta kwamba NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 imeshauri watu wasilazimishwe kubadilisha maneno ya siri kila baada ya muda bila sababu, wala kurundikiwa masharti ya alama na tarakimu, kwa kuwa yanawafanya wachague maneno dhaifu zaidi. Miaka imepita, na huduma nyingi bado zinadai vilevile.

Zamani nilimkaripia Mama kwa kuandika maneno ya siri kwenye daftari. Nimemwomba radhi. Anayeiba akaunti kwa kawaida yuko mbali, hawezi kufungua kabati la chumbani kwake. Sasa yameandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa duara, kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma: kifua, kiuno, urefu, halafu barua pepe.

Kuhusu rimoti, mimi nilikuja na utepe mweusi nikitaka kufunika vitufe asivyovihitaji. Mama akaniangalia nikihangaika na makunyanzi, akaenda kuchukua tepu yake ya kupimia. Akapima rimoti urefu, upana na unene. Akatia alama ya chaki kwenye kipande cha kitambaa kizito cha buluu, akakata matundu matano, akayazungushia mshono kila moja kama tundu la kifungo. Miguu yake ikakanyaga cherehani dakika kumi hivi. Akaivika rimoti ile gauni lake na vitufe vitano vikachungulia nje, vingine vyote vikabaki gizani. Kwenye kitambaa, nyuma, akaacha mfuko mdogo, na ndani yake akaweka karatasi niliyomwandikia polepole, yeye akiwa ameshika rimoti na mimi nimeweka mikono mapajani: ikisema hakuna mawimbi, vua kitambaa, bonyeza hiki chenye mshale ndani ya kisanduku, bonyeza tena mpaka picha irudi. Akaniambia nifute "chanzo cha picha," hajui maana yake. Nikafuta.

Wiki iliyopita simu yangu iliita jioni, jina lake kwenye skrini. Kabla hajasema kitu nikauliza, "Imeharibika nini, Mama?" Nilikuwa nimeshashika funguo.

"Hakuna," akasema. Nyuma yake nikasikia taarifa ya habari inaanza. "Yale maneno mawili yalitokea, nikayaondoa. Nimepiga kukusalimu tu."